Gari Linalokula Betri

"Hivi jirani, hilo gari lenu linakula betri?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa nyumba ya pili. Alisimama upande wake wa uzio, akianika nguo. Aliyeulizwa alikuwa mpaka rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi. Asubuhi hiyo Brashi alikuwa ameinama mbele ya gari lake la zamani, anafunga betri mpya. Betri aliyoitoa ilikuwa chini, karibu na tairi. Ile aliyoitoa kabla ya hiyo ilikuwa kibarazani, inazuia mlango usijifunge kwa upepo.

Mkewe Brashi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa hapo hapo kibarazani. Alisikia swali, akainamisha kichwa juu ya kitambaa ili mumewe asimwone akicheka.

"Gari halili betri, mama," Brashi alijibu bila kugeuka. "Betri huchoka tu, kama watu."

"Mh! Kwetu mtu akichoka upesi hivyo tunampeleka hospitali."

Mshonaji akashindwa kujizuia. Hata Mama, mama mzazi wa Brashi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akichambua nyuzi za nguo zilizokwisha kushonwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Brashi peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo salamu zake kwa jirani zikawa za nusu mdomo.

Na jirani huyo hakuwa mtu wa kusalimiwa nusu mdomo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya magari ya wagonjwa, akitengeneza umeme wa magari hayo. Sasa alikuwa amestaafu, lakini mikono yake haikuwa imestaafu. Watu walimwita Bi Waya, naye jina hilo alilipenda.

Gari la Brashi lilikuwa na kazi moja kubwa. Figo za Mama zilikuwa hazifanyi kazi vizuri. Kila wiki, kwa siku zilizopangwa, alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Kazi hiyo huanza mapema, na kila mgonjwa ana zamu yake. Ukichelewa, mashine inapewa mwingine. Ukikosa kabisa, maji yanabaki mwilini. Miguu inavimba, na pumzi inakuwa fupi.

Kabla ya kuanza safari hizo, Brashi alilitengeneza gari kwa mapenzi yote. Alifungua boneti. Akalegeza vyuma na nyaya alizoweza kuzilegeza. Akakwangua kutu, akapaka rangi ya kinga, na juu yake akapaka rangi ya samawati, mkono wa kwanza na wa pili. Rangi ilipokauka, akafunga kila kitu mahali pake. Ndani ya boneti kukang'aa kama sahani za wageni.

"Mama yangu hatapanda gari lenye kutu," alisema.

Shida zilianza baada ya hapo. Mwanzoni taa zilikuwa zinafifia. Halafu stata, mota inayoamsha injini, ikawa nzito kuzunguka. Kisha betri zikaanza kufa, moja baada ya nyingine.

Siku moja ya hospitali, Mama alikuwa amekwisha kuketi kiti cha mbele, mkoba mapajani. Brashi akageuza ufunguo. Stata ikanguruma kidogo, kama mtu anayeamshwa bila kupenda, ikanyamaza. Akageuza tena.

"Tk."

Basi. Hakukuwa na kingine.

"Mama watoto, njoo tusukume!"

Mshonaji akakunja mikono ya gauni lake, akatoka. Wapita njia wakaongeza nguvu. Gari likawaka mwisho wa barabara, likatoa moshi, likaondoka. Mshonaji akabaki amejishika kiuno, jasho linamtiririka mpaka machoni.

Walipofika hospitali, zamu ya Mama ilikuwa imepita. Walingoja mchana kutwa na hawakupata nafasi. Kesho yake miguu ya Mama ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia. Muuguzi mmoja aliwahurumia, akamtafutia nafasi.

Habari zikamfikia Kaka Mkubwa, ndugu yake Brashi aliyemtangulia kuzaliwa. Akapiga simu. Brashi aliweka simu kwenye sauti kubwa, na wote kibarazani wakasikia.

"Mdogo wangu, sikulaumu," Kaka Mkubwa alisema. "Lakini mama si mkokoteni wa kusukumwa barabarani. Mimi ninakaa karibu na hospitali. Siku ya zamu yake ya kwanza wiki ijayo nakuja kumchukua, na atabaki kwangu moja kwa moja. Kitanda nimeshatandika."

"Gari nalitengeneza, kaka."

"Umelitengeneza mara ngapi sasa?"

  Mama aliendelea kuchambua nyuzi. Lakini Mshonaji alimtazama vizuri, akaona kwamba kitambaa alichoshika hakikuwa na uzi hata mmoja uliobaki.

Kwa Kaka Mkubwa hakukuwa kubaya. Ni mtu mwema, na mkewe ni mtu mwema. Ila wanakaa ghorofani, ngazi juu ya ngazi, na mchana wote wawili wako kazini.

"Nitaongea na ukuta, mwanangu," Mama alimwambia mkwewe walipobaki wawili. "Hapa nasikia cherehani. Wateja wako wananisalimu, wananipa habari za mjini. Namwomba Mungu anibakishe hapa. Lakini nikikataa kwenda, yule mkubwa atasema namdharau. Nifanye nini?"

 Mshonaji alimfunika miguu kwa shuka, akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake Brashi akaleta fundi, rafiki yake. Fundi huyo aliitwa Kelele, kwa sababu alisikika kabla hajaonekana. Alikuja na sigara mdomoni.

"Kaka, hii ni alteneta tu," Kelele alisema, hata kabla hajafungua boneti. "Alteneta ndiyo inayotengeneza umeme gari likiwa linawaka. Ikifa, betri zako zote zitakufa. Ngoja nikuonyeshe. Washa taa, washa na redio."

Gari likasukumwa, likawaka. Kelele akainama juu ya betri, sigara ikining'inia. Akashika waya mmoja wa betri, akauchomoa injini ikiwa inanguruma.

"Weee!" Bi Waya, aliyekuwa anaanika nguo, alipiga ukelele kutoka kwenye uzio. "Rudisha waya huo! Na hiyo sigara itupe!"

Alikuwa amechelewa. Taa moja ya mbele iliwaka kali kupita kiasi, ikafa. Redio ikatoa mlio, ikakaa kimya. Injini ikakohoa, nayo ikazimika.

"Umeona?" Kelele alisema. "Alteneta imekufa. Tafuta nyingine."

"Huenda ilikuwa nzima na wewe ndiye umeiua," Bi Waya alisema.

"Mama, nguo zako zitakauka zikiwa bado kwenye ndoo."

Kelele akaondoka akiimba. Brashi akafunga boneti kwa kishindo, akachukua brashi zake, akaenda kazini kwa miguu.

Mshonaji alikaa kidogo. Kisha akazima cherehani, akajifunga kitambaa kichwani, akapita nje ya uzio mpaka mlangoni kwa Bi Waya.

"Hodi, dada yangu."

"Karibu. Nilijua mmoja wenu atakuja. Nilikuwa sijui ni yupi."

Akamwekea kiti. Mshonaji akamweleza yote: betri, hospitali, miguu ya Mama, simu ya Kaka Mkubwa. Bi Waya alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwanza nikwambie kuhusu yule bwana mwenye kelele," alisema. "Gari likiwaka, alteneta inasukuma umeme. Betri inaupokea na kuutuliza. Ukiichomoa betri ghafla, umeme unapanda kwa nguvu na kuunguza taa, redio, hata alteneta yenyewe. Watu wengi hupima hivyo. Ni vibaya. Na betri hutoa hewa inayoweza kushika moto. Anayevuta sigara juu yake anacheza na macho yake."

"Tumekoma."

"Sasa nijibu. Ukipiga stata, taa zinafanyaje?"

"Zinafifia mpaka zinakuwa kama mshumaa."

"Kuna kitu kinachopata moto ambacho zamani hakikuwa kinapata?"

Mshonaji akafikiri. "Ule waya mwembamba wa eksileta, unaovutwa ukikanyaga mafuta. Juzi Brashi aliugusa baada ya kupiga stata mara nyingi. Ukamuunguza kidole."

Bi Waya akanyanyuka kwenye kiti. "Rudia hapo."

"Ukamuunguza kidole."

"Waya ule kazi yake ni kuvuta. Hauna kazi yoyote ya umeme. Ukipata moto, ujue umeme umekosa njia yake na unapita uchochoroni." Akaenda kwenye kabati, akatoa kipimo cha umeme, kidogo cha kushika mkononi, chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kisha akakiweka mezani, akaketi tena. "Lakini siji."

"Mbona, dada?"

"Gari ni la mumeo. Mumeo ananisalimu kama anadaiwa salamu. Nikigusa gari lake bila yeye kuniita, hata nikilitengeneza ataona nimemvunjia heshima. Aniite mwenyewe. Nitakuja mbio."

Jioni hiyo Brashi alirudi na madoa ya rangi mpaka masikioni. Mshonaji alimpa maji ya kuoga, akampa chakula, akamwacha ashibe. Kisha akasema.

"Baba watoto, nimekwenda kwa Bi Waya."

"Kufanya nini? Kuchekwa?"

"Kuuliza. Anadhani anajua shida iko wapi. Anataka umwite mwenyewe."

"Yule mama alinifanya kichekesho mbele ya mtaa mzima."

"Mtaa gani? Tulikuwa mimi, wewe, mama na nguo kwenye kamba." Mshonaji akateremsha sauti, kwa sababu Mama alikuwa chumba cha pili akisali. "Nikuulize, na usinijibu sasa. Hasira yako kwa utani mmoja ni kubwa kuliko haja yako ya kubaki na mama?"

 Brashi alikwangua doa la rangi kwenye kucha yake mpaka likatoka.

Asubuhi alikwenda kwenye uzio. Bi Waya alikuwa anamwagilia mchicha wake.

"Shikamoo, mama," Brashi alisema, na safari hii ilikuwa salamu nzima.

"Marahaba, mwanangu."

"Lile swali lako la siku ile. Jibu ni ndiyo. Linakula betri. Nakuomba uje uliangalie."

"Basi nishikie hili kopo la maji," Bi Waya alisema, "nikavae viatu."

Alikuja na kipimo chake, spana zake na betri yake mwenyewe aliyoibeba kwenye toroli. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuvua pete na bangili, akamkabidhi Mama.

"Chuma kidoleni kikigusa betri vibaya, kinaiva kama kaa la moto," alisema. "Na wewe Mshonaji, ficha ncha za kitambaa chako. Injini ikiwaka, mkanda haujui tofauti ya kitambaa na kidole."

Hakugusa spana. Alianza kwa kutazama. Alitazama vichwa vya betri kama vina unga mweupe. Havikuwa na unga. Akavitikisa. Havikucheza. Injini ikiwa imezimwa, akabonyeza kwa kidole gumba mkanda unaozungusha alteneta. Haukuwa umelegea, wala haukuwa na nyufa.

"Kazi nyingi za umeme zinaishia hapa, kwa macho na vidole," alisema. "Hii haikuishia. Twende mbele."

Akaweka kipimo kwenye betri: waya mwekundu upande wenye alama ya kujumlisha, mweusi upande wenye alama ya kutoa. Akamwita Mshonaji asome.

"Volti kumi na moja nukta tisa."

"Betri iliyoshiba, gari likiwa limezimwa, husoma kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo. Hii ina njaa. Sisemi imekufa. Ina njaa. Na mkiiacha na njaa muda mrefu, itakufa kweli kama zile nyingine."

Akaitoa, akaipeleka kwake kuichaji. Akafunga yake.

"Yangu imeshiba. Piga stata, Brashi."

Brashi akageuza ufunguo. Stata ikazunguka kwa uzito ule ule, ikilalamika, mpaka gari likawaka kwa shida.

"Mmesikia?" Bi Waya aliuliza. "Betri imeshiba, na bado stata inalia. Basi shida si betri. Mngeweza kununua betri za mji mzima."

Injini ikinguruma, akapima tena kwenye betri.

"Kumi na mbili nukta tisa," Mshonaji alisoma.

"Gari likiwaka, hapa tunataka kumi na nne hivi. Ikipungua chini ya kumi na tatu na nusu, betri haichajiwi vya kutosha. Ikizidi sana kumi na nne na nusu, inachomwa. Sasa tuiulize alteneta yenyewe."

Akagusa kwa waya mwekundu skrubu nene nyuma ya alteneta, na kwa mweusi mwili wake wa chuma.

"Kumi na nne nukta tatu!" Mshonaji alipaza sauti.

"Mungu amewahurumia. Nzima kabisa, pamoja na yale mateso ya juzi."

Brashi akakuna kichwa. "Alteneta nzima, betri nzima. Sasa umeme unakwenda wapi?"

"Umeme una njia mbili," Bi Waya alisema. "Ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda ni hizi nyaya nyekundu. Ya kurudi ni vyuma vyenyewe: injini, bodi, na nyaya nene zinazoviunganisha na betri. Watu hukumbuka njia ya kwenda. Ya kurudi wanaisahau. Ikiziba, hakuna kinachokwenda."

Alipima njia ya kwenda. Ilikuwa safi, kipimo kilisoma karibu na sifuri. Kisha akaweka waya mweusi kwenye upande wa kutoa wa betri, na mwekundu akaugusisha bodi ya gari, kwenye skrubu moja isiyopakwa rangi. Karibu sifuri. Akausogeza mpaka kwenye chuma cha injini.

"Moja nukta nne," Mshonaji alisoma. "Hiyo ni mbaya?"

"Hapo ilitakiwa iwe kama hakuna kitu. Betri na bodi zinasikilizana. Bodi na injini hazisikilizani. Zima gari."

Brashi akazima. Bi Waya akafungua kwanza waya wa betri upande wa kutoa.

"Huu unatangulia kufunguliwa, na unafungwa wa mwisho," alisema. "Ukianza na ule mwingine na spana ikagusa bodi, utaona cheche za sikukuu."

Akapitisha mkono chini, akashika waya mpana uliosukwa kama ukili wa mkeka. Ncha moja ilifungwa kwenye injini. Ncha nyingine ilifungwa kwa bolti kwenye bodi. Akaifungua bolti, akaivuta ncha pembeni, akamulika kwa tochi.

Chini ya bolti kulikuwa na rangi ya samawati. Nzuri, laini, inang'aa.

 Mshonaji alimtazama mumewe. Masikio ya Brashi yalikuwa yamebadilika rangi. Aliielewa ile rangi kuliko mtu yeyote pale. Aliichanganya mwenyewe.

"Nilifungua," alisema polepole. "Nikapaka kinga. Nikapaka mkono wa kwanza na wa pili. Halafu nikafunga juu yake."

"Na rangi haipitishi umeme," Bi Waya alisema. "Chuma lazima kiguse chuma. Umeme ulikuwa unapenya kwa tabu kwenye nyuzi za bolti na kwenye ule waya wa eksileta. Ndiyo maana kidole kikaungua."

"Kwa hiyo ni mimi. Betri zote hizo. Na ile siku ya hospitali."

"Kama ungekuwa fundi mbovu," Bi Waya alisema, "rangi yako ingebanduka wiki ya kwanza, na gari lingewaka vizuri. Kosa lako ni kwamba unajua kazi."

Brashi alimtazama kuona kama anamdhihaki tena. Kisha kicheko kikamtoka, kidogo kidogo, mpaka akaegemea tairi. Mama kwenye benchi akacheka bila kujua wanacheka nini.

Brashi hakukubali mtu mwingine amfanyie. Alileta msasa wake, akaikwangua rangi ile kwa mkono wake mwenyewe, mduara wa ukubwa wa ncha ya waya, mpaka chuma kikawa cheupe. Akasafisha na ncha ya waya, na bolti, na upande wa injini. Bi Waya alimwonyesha pia mahali waya wa betri unapofungwa kwenye bodi. Pale rangi ilikuwa imeingia pembeni kidogo tu. Wakapasafisha pia. Walipokaza bolti, Bi Waya akampa mafuta ya mgando apake juu, ili maji na kutu visirudi.

"Ukitaka kupaka rangi yako sasa, paka juu ya bolti iliyokwisha kukazwa," alisema. "Chini usipake kamwe."

Brashi akageuza ufunguo. Gari liliwaka mara moja, kabla hajajiandaa. Aliruka kitini.

Mshonaji alisoma kipimo kwenye betri bila kuambiwa. "Kumi na nne nukta mbili."

"Washa taa. Washa na feni ya ndani."

"Kumi na nne kamili."

Brashi akashuka, akaugusa ule waya wa eksileta kwa kidole chake kilichoungua. Ulikuwa wa baridi.

Walizima na kuwasha tena na tena, mpaka watu wakatoka kuuliza kuna harusi gani. Jioni betri yao ilikuwa imeshiba kwa chaja ya Bi Waya. "Msingoje alteneta iishibishe betri yenye njaa kubwa," alisema. "Mnaichosha. Ichajini kwanza kwa chaja, taratibu." Akaifunga mahali pake. Kisha akamwachia Mshonaji kipimo.

"Kila wiki pima, kabla ya kuwasha na baada ya kuwasha. Namba ikibadilika, nijulishe kabla gari halijakataa."

Siku ya zamu, Kaka Mkubwa alifika mapema kama alivyoahidi. Aliegesha gari lake mbele ya geti, akaingia sebuleni, akamwamkia Mama kwa adabu, akaketi. Alikuwa amevaa nguo za kazini. Mkoba wa nguo za Mama ulikuwa kando ya kiti, umefungwa. Mama mwenyewe aliufunga jana yake, bila kuwaambia. Kaka Mkubwa akauchukua, akauweka mapajani.

"Haya, mama. Twende tusichelewe."

"Kaka, gari limepona," Brashi alisema.

"Nafurahi."

"Nitampeleka mimi. Na nitamrudisha hapa."

Kaka Mkubwa akavuta pumzi. "Mdogo wangu, kila ukifunga betri mpya gari hupona. Leo litawaka. Na siku nyingine? Mama akikwama njiani, nitamwambia nini Mungu?"

Swali lilikuwa la haki, na Mshonaji aliliona hivyo. Alitazama upande wa Mama. Mama alikuwa ameinamisha macho, vidole vyake vikitafuta uzi kwenye gauni lake.

"Shemeji," Mshonaji alisema, "mwanzo tulikuwa tunabahatisha. Sasa tunajua. Njia ya umeme kurudi kwenye betri ilikuwa imezibwa na rangi. Tumeifungua. Asubuhi hii nimepima kabla ya kuwasha: kumi na mbili nukta sita. Likiwaka, inafika kumi na nne. Likianza kuugua tena, nitaona kwenye kipimo siku nyingi kabla halijakataa."

"Wewe unapima gari?"

"Mimi."

"Rangi ya nani iliziba?"

 Brashi angeweza kusema lolote.

"Yangu," alisema. "Nilipaka pasipotakiwa. Betri zote zile, na mama kukosa zamu yake, kosa lilikuwa langu. Sikukuambia wewe wala mama kwa sababu niliona aibu."

Mama akainua macho, akamtazama mwanawe mdogo kwa muda. Brashi hakungoja aambiwe kitu. Alitoka nje. Wakasikia mlango wa gari. Wakasikia ufunguo, na papo hapo injini ikawaka na kutulia, ikinguruma kwa sauti moja.

Kaka Mkubwa alisikiliza. Mkoba bado ulikuwa mapajani mwake.

"Mama," alisema, kwa upole sasa, "sema wewe. Unataka kukaa wapi?"

Mama aliinuka, mkono mmoja ukishika kiti. Akamshika mwanawe mkubwa begani, akapabonyeza kidogo, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo. Akauchukua mkoba mapajani mwake. Akaupeleka chumbani, wakasikia anauweka kitandani. Aliporudi alikuwa na shuka lake la kujifunikia hospitali tu mkononi. Akalipitisha begani, akatoka nje kwenye gari lililokuwa linanguruma.